Mwaka Nilipomnong'oneza Fundi Rangi za Nyaya

Hapana, sikuwa mke mwenzie. Najua ndiko unakokuja, nakuona unavyokunja uso, na wale kina mama pale msibani juzi walikuwa wanakunja hivyo hivyo, ila wao wana adabu, wakaishia kuniletea chai. Bibi kizee wa Kiiraqw, Mkatoliki na rozari yake shingoni, amekaa kwenye jamvi la Waislamu anamlilia Bi Zuhura kuliko mwanawe wa kuzaa! Mmoja akamwinamia mwenzake, akidhani nikishazeeka basi na masikio yameondoka: "Huyu si ndiye yule wa Fundi Rama?" Wa Fundi Rama! Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nina wajukuu wa kunifokea, bado mimi ni wa Fundi Rama. Haya, weka hiyo simu hapo juu ya meza, mjukuu wangu, usiishike mkononi kama kifaranga. Kuandika mimi sijui, mimi nilisomea ng'ombe. Ila kusema nasema, na watu nawasema kwa sauti zao wenyewe, kwa hiyo utawasikia wote, na wale waliokufa pia.

Ulikuwa mwaka ule uliofungwa mpaka wa Kenya. Kabla ya hapo gari likiharibika kitu, dereva anaagiza Nairobi, kinakuja kwenye kiboksi kimefungwa karatasi ya mafuta, unakinusa unasikia upya. Mpaka ukafungwa, viboksi vikaisha. Na magari yenyewe yalikuwa ya zamani tangu hapo, yale ya Kiingereza ya bodi ya bati, yenye taa mbili zimetoka kama macho ya chura. Siku hizi yakipita hapa Karatu yamepakwa rangi mpya watalii wanashuka kuyapiga picha, wanasema, "Oo, byutifo!" Enzi zile tulikuwa tunayasukuma. Kilichokuwa kinaharibika kuliko vyote ni swichi. Swichi ya taa, swichi ya ufunguo, ya honi, ya vifagio vya kioo. Vumbi letu hili jekundu linaingia ndani, linakaa kwenye pointi, pale shaba mbili zinapogusana, umeme ukipita unakuta udongo, basi unachoma. Ndiyo Fundi Rama akapata jina. Injini hakuwa anagusa. "Mimi sili grisi," alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya puani, ya polepole kama mtu anayesoma dua, "mimi niletee kinachowaka na kuzimika."

Mimi nilitoka Endamarariek kwenda kwao, kwa fundi na mkewe Bi Zuhura, kuchota maji na kufua, msichana mkubwa tayari, wa kutosha kuolewa. Walikuwa watu wa Singida, wao wawili tu, binti yao Hadija alishaolewa hukohuko Singida. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na nyuma yake kibanda kirefu cha mabanzi kilichokatwa katikati. Huku karakana, kule jiko la Bi Zuhura. Ukuta wa kati ulikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Moshi wa jikoni unakuja kwa fundi, harufu ya waya ulioungua inakwenda kwenye wali, na maneno yanakwenda pande zote mbili. Kule kwa fundi kulikuwa na benchi, betri ndani ya sanduku la mbao, na makopo ya springi, skrubu, na vipande vya shaba alivyokata kwenye vitako vya balbu zilizokufa. Springi alitoa kwenye kalamu za walimu. Na ile sehemu nyeusi ya swichi, ile inayozuia umeme usikurukie, ikipasuka alikuwa anachonga nyingine kwenye mpini wa sufuria. Sufuria za nani? Za Bi Zuhura! Unamsikia huko jikoni: "Jamani, mfuniko wangu una kichwa asubuhi, mchana hauna! Nani kauchinja?" Siku hiyo hiyo dereva anaondoka, ukichungulia kwenye dashibodi unakiona kichwa cha mfuniko, ndicho cha kuwashia taa. Mwanamke alikuwa anashika masufuria kwa matambara ili watu waone njia.

Sasa nisikilize. Fundi Rama alikuwa haoni. Sisemi kipofu wa fimbo, hapana. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, inakuja kidogokidogo. Mtu akisimama mlangoni alimwona kama kivuli, nyumba yake aliijua kwa miguu, msikitini alikwenda na kurudi peke yake. Ila kitu kidogo kilishampotea, na rangi zilishampotea zote. Niligundua siku nilipoingia kufagia. Alikuwa amefungua swichi, na ndani ya swichi za zamani kuna kigololi kinakaa juu ya springi, ukifungua vibaya kinaruka. Kiliruka. Nikamkuta mzee mzima amepiga magoti anapapasa sakafu kama mtu aliyeangusha jino. Kigololi kilikuwa mbele ya goti lake, kinang'aa. Nikakiokota nikamwekea kiganjani. Akakifumbata, akasema, "Funga mlango, Paskalina." Nikafunga. "Umeona?" Nikasema nimeona. "Bi Zuhura asijue. Akijua yeye watajua kaka zake, wakijua kaka zake watakuja kutuchukua turudi Singida, nikae barazani kwa mashemeji nasubiri uji. Dereva gani atampa gari mtu asiyeona? Mimi bado nina mikono, Paskalina. Na masikio ninayo. Nimepungukiwa macho tu." Akasema hivyo, macho tu, kama mtu aliyepungukiwa chumvi.

Basi nikawa macho. Kwanza nilikuwa natandika kitenge chakavu chini, kigololi kikiruka kidakwe. Kisha napangusa pointi kwa mafuta ya taa, nasugua kwa msasa mpaka shaba icheke. Yeye anapinda, anabana, anafunga, anaiweka swichi sikioni anaibonyeza. Ikisema "tkwa," anatabasamu. Ikisema "tsaa," anaifungua upya. Masikio yake hayakukosea hata mara moja. Shida ilikuwa nyaya. Nyuma ya swichi moja zinatoka nyaya kibao, kila moja na rangi yake na kazi yake, kahawia ya betri, nyekundu ya taa ndogo, bluu ya taa kubwa, kijani ya vifagio, zambarau ya honi. Hapo ananishikia waya mmoja juu, ananisogezea sikio, na mimi namnong'oneza. Kwa nini kunong'ona? Si ukuta una nyufa! Kwa hiyo mlango umefungwa mchana kweupe, ndani mwanaume na msichana, na ukisimama jikoni unasikia psss, psss, kimya, psss, halafu mwanaume anasema, "Ehee, hapohapo." Cheka, cheka. Hata mimi nilicheka. Nilicheka mwaka mzima, na sasa ndiyo nalipia.

Bi Zuhura hakuuliza. Hicho ndicho kinachoniuma. Angenipiga kofi, angenimwagia maji, ningekuwa na cha kumlaumu leo. Yeye alianza kunilisha. Ijumaa akipika pilau, ananipakulia kabla ya kujipakulia mwenyewe, na nyama ananichagulia laini. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, wao wamefunga, mimi Mkristo sijafunga, lakini jioni ananiita nikae naye kwenye mkeka, viazi vitamu, uji wa pilipili manga, tende moja moja alizozitoa kwa mfanyabiashara wa mjini, na yangu ananiwekea mkononi. "Kula, mwanangu. Unakonda." Nani anakonda? Yeye ndiye aliyekuwa anakonda! Bangili zilianza kumtembea mpaka kwenye kiwiko. Jioni tunaosha vyombo pamoja, mikono yake na yangu kwenye beseni moja, namwona anaitazama mikono yangu yenye harufu ya mafuta ya taa, mafuta ya taa ya mume wake. Siku moja niko karakana peke yangu nasugua pointi, nikasikia anaongea jikoni na jirani, Mama Sele, mwanamke mmoja sauti yake ilikuwa kama debe linaburutwa. Mama Sele anasema, "Shoga, mwache aoe! Bora akuletee ndani unamwona, kuliko wa nje humwoni!" Na Bi Zuhura, taratibu: "Simkatazi. Mtoto mwenyewe ana adabu. Nataka tu aniambie kwa mdomo wake, nisiambiwe na ukuta." Nikasimama pale na msasa mkononi. Hatua chache tu, nazunguka kibanda, naingia jikoni, nasema, mama, baba haoni, tunasoma rangi. Maneno hayo machache. Sikwenda. Nikaendelea kusugua mpaka pointi ikaisha.

Sasa hapo ndipo lilipokuja balaa la Chura. Chura ndiyo gari lenyewe tulivyoliita, la Tluway, dereva wa kwetu, anapeleka unga na chumvi na sabuni kwenye vile viduka vya Nainokanoka, kule juu hifadhini. Na wewe umepita kule, unaujua ukungu wa ukingoni mwa kreta, asubuhi huoni mkono wako. Bila taa huendi. Swichi ya taa ya Chura ikafa, tukaitengeneza vizuri kabisa, tkwa, kazi safi. Kwenye kurudisha nyaya, fundi akanishikia mmoja, nikanong'ona, "Bluu." Ilikuwa zambarau, mjukuu wangu. Chini ya vumbi la Karatu bluu na zambarau ni mtu na dada yake, na mimi siku hiyo sikuupangusa. Tluway alikuwa anagonga mlango, "Fundi! Fundi! Mwanga unaniishia!" nikaharakisha. Akajaribu taa, zikawaka. Honi ililia, fundi akasema, "Umegusa honi," Tluway akasema, "Labda kiwiko," akaondoka. Kesho yake yuko ukingoni, ukungu umeshuka, anawasha taa, taa zinawaka na honi inalia. Anazima, honi kimya, na njia haipo. Anawasha, paaaa! Afanyeje? Upande mmoja msitu, upande mwingine shimo. Akaenda nayo hivyohivyo inalia mpaka Nainokanoka. Ng'ombe waliokuwa njiani walitawanyika kama maharage yaliyomwagika. Watu wakashinda siku nzima wanawakusanya, na ndama mmoja hakuonekana tena.

Tluway alirudi na mwenye ndama. Mzee mrefu, shuka jekundu, akainama kuingia karakana, akamsimamia fundi mbele. "Wewe ndiyo natengeneza hii gari?" Fundi akasema ndiye. "Hii gari nalia kama ng'ombe nazaa! Mimi nasikia, nasema, ng'ombe ya nani nakufa? Kumbe gari! Ng'ombe yangu nakimbia nakwenda msituni. Sasa chui nakula nani? Nakula wewe?" Nilikuwa nyuma ya benchi nimejibana. Nilikuwa na mdomo, ningesema, mzee wangu, ni mimi niliyekosea rangi. Fundi alisikia pumzi yangu ilivyobadilika, akawahi. "Mkono wangu ulikosea, mzee. Ni mimi." Akamkalisha, Bi Zuhura akaleta chai ya maziwa, mzee akanywa, akatuliza hasira, halafu akasema hataki fidia ya maneno, anataka kitu kimoja. "Toa hiyo sauti. Gari ipite kama mtu na adabu." Basi honi ikatolewa, Chura akawa bubu tangu siku ile, Tluway akitaka watu wapishe anatoa kichwa dirishani anapiga mluzi. Wote tulicheka. Ila Tluway wakati anaondoka alimwangalia fundi sana, akasema kwa ile sauti yake ya kumezameza, "Fundi, umechoka eeh? Safari nyingine Chura nitampeleka Arusha, upumzike." Nikaona fundi anaushika ukingo wa benchi. Hapo niliijua Singida iko karibu kiasi gani.

Baada ya siku ile tulinong'ona mara mbili ya mwanzo. Kila waya naupangusa, nausema, ananiuliza tena, nausema tena. Mlango ukapata komeo. Na mimi, mbwa mimi, kichwa kilishaniota pembe. Unajua, kwetu hakuna aliyewahi kuningoja mimi niseme kitu. Pale mtu mzima, fundi anayeitwa kwa jina mpaka Mto wa Mbu, anashikilia waya hewani na kazi yote imesimama mpaka mimi Paskalina nifungue mdomo. Nilipenda. Mume wa Bi Zuhura sikumpenda, alikuwa mzee ananuka betri. Nilichopenda ni kungojewa. Na madereva nao walishaanza kuniona mtu, wakikaa nje wanasubiri magari yao wananiita, "Paska, tufanyie watu!" Nawafanyia. Namfanya Tluway anavyomeza maneno, namfanya katibu kata anavyokohoa kabla ya kudanganya, namfanya padri. Siku moja dereva mmoja akasema, "Tufanyie mama mwenye nyumba." Nikajifunika kanga kichwani, nikaegemea mlango, nikalegeza shingo: "Mkishamaliza kunong'ona, wali upo. Kama mna nafasi." Waligaragara. Mmoja alilala chini kabisa. Nikarudia, "Kama mna nafasi," nikaona wananyamaza mmoja mmoja. Nikageuka. Bi Zuhura yupo nyuma yangu na sinia.

Akasema, "Sauti yangu umeipatia. Ila mimi huwa navuta pumzi kwanza." Akaweka sinia chini, akanawisha watu mikono, na kwenye ile nyama akachagua mfupa wenye uboho akauweka upande wangu. Niliula. Wote walikuwa wananitazama, ningefanyaje, niliula. Mpaka leo nikipewa mfupa wenye uboho kwenye harusi za watu nawapa watoto, wanasema bibi ana roho nzuri. Tumekuja kukutana na Bi Zuhura sokoni miaka na miaka, kila mmoja na kikapu chake, ananisalimia, ananiuliza hali ya watoto wangu kwa majina yao, na mimi kila siku nasema kesho nitalisema lile neno, nisamehe mama, kesho. Sasa juzi nimekaa karibu na jeneza, nimelisema, na wa kulisikia hayupo. Kulia kwangu kote kule kulikuwa hako kaneno kanatoka.

Ilivyoisha ilikuwa hivi. Sikukuu ya Idi imepita, alasiri, upepo wa vumbi, na komeo nilisahau kufunga. Tulikuwa na swichi ya ufunguo imefunguliwa juu ya kitenge, fundi ameshika waya mmoja, anasubiri. Mlango ukafunguka, akaingia Bi Zuhura. Amevaa nguo ya kutokea, amejifukiza udi, mpaka karakana ikasahau harufu yake. Akakaa juu ya sanduku la betri kama mgeni wa heshima, na kifurushi cha gazeti mapajani. "Baba Hadija, simamisha kazi kidogo." Fundi akageuza uso kwenye sauti, akacheka ile ya wasiwasi. "Karibu, mke wangu. Leo umetembelea wachafu?" Bi Zuhura akafungua gazeti taratibu, karatasi inalia. "Nimemnunulia Paskalina kanga. Nimechagua mwenyewe. Nataka uione kwanza, uniambie kama nimefanya sawa." Akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa mumewe.

Ilikuwa kisutu. Ile kanga nyekundu na nyeusi na nyeupe, anayovikwa bibi harusi. Hata mimi mtoto wa Kiiraqw wa kutoka kuchunga nilishajua, kisutu hununuliwi ukafulie. Maana yake yule mama alikuwa amekuja kumwoza mume wake kwa mkono wake mwenyewe, bila kugombana, bila neno, ili aibu isimkute mtu. Na mimi niko upande wa pili wa benchi, siwezi kunong'ona, amekaa katikati yetu. Fundi akainua uso, akaitazama kanga, akaitazama kwa muda kama mtu anayeona. Akatabasamu. "Nzuri sana, mke wangu. Umefanya vizuri, mtoto anajituma. Hiyo kijani itamfaa, ya shambani haishiki uchafu."

Niliona uso wa Bi Zuhura unavyovunjika, kwanza alidhani anadhihakiwa. Halafu akaisogeza ile kanga pembeni, polepole, bila sauti, mpaka ikatoka kabisa mbele ya mumewe, na macho ya fundi yakabaki palepale ilipokuwa, yanaitabasamia hewa. Akanyoosha mkono, akauchukua ule waya kwenye vidole vyake, akauinua. "Na hii, Baba Hadija? Hii rangi gani?" Fundi akafanya kitu alichozoea kukifanya mwaka mzima. Akanisogezea sikio.

Mlango uko wazi, upepo unaingiza vumbi kwenye pointi safi, hakuna aliyekwenda kuufunga. Nilidhani Bi Zuhura atafurahi. Si amegundua hakuna mke mwenza, hakuna lolote, ni nyaya tu? Nilishaanza hata kuchekacheka, mjinga mimi, nikitaka acheke na mimi. Akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira maishani, na ile haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyerudi kwake akakuta wageni ndio wanaoishi ndani. Akakunja kisutu, akakirudisha kwenye gazeti. Akazunguka benchi, akasimama pembeni ya kigoda changu mpaka nikainuka, akakaa yeye. Akauinua waya kwenye mwanga wa mlango, akaupangusa kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, ile ya kutokea. Kisha akasema, bila kunitazama tena:

"Kusanya nguo zako uende kwenu. Rangi nitamsomea mimi."